Mtoto wa Halvard Ambaye Hajanywa

Jan Mayen, 12 Oktoba 1997

Kaka Sjur,

Nimefika salama, pua tu ndiyo imeganda. Ndege ya jeshi ilitua kwenye changarawe nyeusi, ikashusha masanduku ya viazi na watu wanne, ikageuza kabla hatujamaliza kufunga makoti. Itarudi baada ya wiki sita au saba, upepo ukipenda, ila barua zetu huchukuliwa pia na meli zinazopita. Simu ipo moja tu, ukutani sebuleni, na ikilia watu wote kumi na wanane wanaacha kutafuna. Kwa hiyo ukiwa na siri, iandike.

Jiko nililopewa ni kubwa kuliko la nyumbani. Watu wa hapa wanapima upepo na mawingu saa zote na wanakula kama wavunja mawe. Jumapili niliwapikia kondoo na kabichi. Fundi wa mitambo, mtu mmoja mrefu aitwaye Oddgeir, akaniuliza nimejifunzia wapi kupika chakula cha Kinorwei vizuri hivyo. Nikamwambia nimejifunzia Norwei, kwani wewe umejifunzia wapi? Akawa mwekundu mpaka shingoni. Hana ubaya. Baadaye nilimweleza kwamba nilitoka Korea nina miaka miwili, nina kibandiko cha namba kifuani, na kwamba Baba alinipokea uwanja wa ndege, akaendesha gari siku nzima, na tulipofika shambani Haugset hakuniingiza ndani kwanza. Alinibeba hadi kilimani walikozikwa mababu, akawamwagia maziwa, akawaambia: huyu ni wetu, ijueni sura yake. Mama alikuwa anapiga kelele mlangoni kwamba mtoto amelowa, aletwe abadilishwe.

Sijazoea kusema "marehemu Baba". Kila nikiandika neno hilo naona kama namsingizia.

Usisahau alichotuambia hospitali, maana ulikuwa unalia na huenda hukusikia yote. Alisema pombe yake ya urithi niipike mimi, tuinywe sote wawili mezani, ndipo wewe ukae kwenye kiti chake na yeye apumzike. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Aprili. Tuseme basi wiki ya kwanza ya Mei, theluji ikiwa imeondoka kilimani. Mpaka hapo kiti kibaki wazi, Sjur. Usikikalie hata kuvalia soksi.

Msalimie Shangazi Borghild na kanisa lake, mwambie miungu yetu ya kale nayo inamsalimia. Atakasirika, lakini atafurahi.

Wako,
Torunn


Haugset, Hardanger, 2 Novemba 1997

Mdogo wangu Torunn,

Kiti kipo wazi. Soksi navalia kitandani, kama mgonjwa.

Nina habari njema. Unakumbuka tulivyobaki watu watano kwenye tambiko baada ya Ingunn kuniacha na kuondoka na mbwa? Nilikuwa nasimama pale kilimani na pembe yangu ya kunywea najisikia mjinga, wawili kati ya hao watano wakiwa wamefuata bia tu. Basi kwenye tambiko la kuukaribisha msimu wa baridi alikuja mtu kutoka Bergen, Roar Skjelvik, seremala, na wenzake sita. Unajua ile nyumba ya tambiko ambayo mimi na Baba tulishindwa kuiezeka miaka minne? Wameiezeka kwa Jumamosi mbili, magome ya mti wa mbetula chini, udongo wa nyasi juu, kama ya kale kabisa. Nilisimama ndani mvua ikinyesha, sikudondokewa hata tone. Nikatamani Baba angekuwepo.

Na wananisikiliza. Nikianza kueleza habari za Odin na Tor hakuna anayeangalia saa. Roar anasema watu wa siku hizi hawajui walikotoka ndiyo maana hawajui wanakokwenda. Hasemi vibaya juu ya mtu yeyote, anasema kila taifa lijivunie mababu zake. Mimi hilo sioni kosa lake.

Sasa wamependekeza kila mwanachama alete orodha ya mababu zake, vizazi saba, isomwe kwa sauti kwenye sherehe ya Jul, mwezi Desemba. Mimi unanijua. Nafika kwa babu, nafika kwa kaka yake aliyepigwa teke na farasi, hapo napotea. Baba alipokuwa anafundisha majina wewe ulikuwa unasikiliza na mimi nilikuwa nje na mpira. Niandikie yote, tafadhali, na visa vyao.

Na niandikie pia namna ya kupika pombe, hatua kwa hatua. Nataka kujaribu kidogo kwa ajili ya Jul, mikono isisahau.

Kaka yako,
Sjur


Jan Mayen, 1 Desemba 1997

Kaka Sjur,

Nimecheka peke yangu jikoni. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne hamjui baba wa babu yake. Shika kalamu.

Wa kwanza Baba, Halvard, huyo unamjua. Wa pili Babu Sjur, ambaye wewe umerithi jina lake na miguu yake mibaya. Wa tatu Torgils, aliyekwenda Amerika akarudi baada ya miezi mitatu kwa sababu maziwa ya kule hayakuwa na ladha. Wa nne ni mwanamke, Brita, mjane aliyeliendesha shamba miaka ishirini na mbili na kumpiga kasisi kwa ndoo. Usiseme kwa sauti mbele ya Shangazi. Wa tano Aslak, alikuwa na watoto kumi na mmoja, akazika saba. Hapo Baba alikuwa ananyamaza kidogo, na wewe unyamaze. Wa sita Anders, mwizi wa kondoo. Alifungwa ngomeni Bergen na akarudi na shamba likampokea. Baba alisema mwizi asomwe kama mwizi, maana mababu wakipakwa rangi hawatutambui. Wa saba Halvard mkubwa, aliyekata msitu na kuweka jiwe la kwanza la nyumba, ndiye aliyelala katikati ya kilima.

Nilipokuwa na miaka tisa watoto wa shule walinicheka kwa macho yangu. Nilirudi nikiwa nalia, Baba akanisomesha majina haya usiku huo na kesho yake na kesho kutwa, mpaka nikayashika. Akasema, "Wakikuuliza wewe ni wa nani, wahesabie. Wao hawatafika hata watatu." Ni kweli, hakuna aliyefika watatu.

Pombe sasa. Chemsha matawi ya mreteni mpaka maji yawe na rangi ya chai hafifu. Kimea ukiloweke kwa maji hayo, si maji matupu. Chachu ya kwetu iko kwenye ile pete ya mti iliyochongwa, imekauka, ndani ya mfuko wa unga darini. Ichovye humo pombe ikiwa na joto la maziwa ya ng'ombe anayekamuliwa, weka kidole, usitafute kipimajoto. Na ukiitia, piga ukelele kwa nguvu zako zote, la sivyo haiamki. Jirani Haldor akisikia atajua Haugset kuna pombe, atakuja bila kuitwa, na ndivyo inavyotakiwa. Iliyobaki ikaushe tena irudi kwenye pete, niikute.

Huyo Roar umemwambia kuhusu mimi? Si kwamba unatakiwa kutangaza. Picha yangu ipo ukutani juu ya kiti cha Baba, na mwenye macho haambiwi tazama.

Jul njema. Ukiwamwagia kilimani, mwaga na yangu.

Torunn


Haugset, 18 Januari 1998

Torunn,

Nashukuru sana kwa majina. Yalisomwa, watu wakasimama. Wengine walifika kizazi cha nne tu, kwa hiyo Haugset imepata heshima. Wamenichagua kuwa kiongozi wa tambiko wa eneo letu lote, si shamba letu tu. Sikutegemea.

Pombe ilikubali. Nilipiga ukelele mpaka koo likauma.

Roar aliiona picha yako. Hakusema kitu. Nimeihamishia chumbani kwangu, ukuta ule unaingia unyevu na ingeharibika.

Kuhusu Mei, tutaona. Kuna mambo ya ratiba ambayo siamui peke yangu siku hizi. Kama wakikuongezea mkataba huko, usikatae kwa ajili yangu, kazi nzuri ni adimu. Usihangaike.

Nitaandika barua ndefu baadaye.

Sjur


Jan Mayen, 20 Februari 1998

Kaka,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyo na maneno.

Ukuta ule haujawahi kuingia unyevu. Uko nyuma ya jiko la kuni. Ni ukuta mkavu kuliko yote ndani ya nyumba, Mama alipokuwa hai alikuwa anaanikia soksi zako hapo. Ungetaka kunidanganya ungechagua ukuta mwingine, nyumba ni moja tumekulia sote.

Sikukulaumu nilipoona huandiki mwezi mzima. Nilijiambia ana kazi, ana watu wapya, ameachwa na mke, amefiwa na baba, acha naye apigiwe makofi kidogo. Nilikufurahia. Nilimwambia Oddgeir kaka yangu amekuwa kiongozi, akauliza kiongozi wa nini, nikamweleza, akatikisa kichwa akasema kwao walikuwa na mjomba anayefuga nyuki na ilikuwa vivyo hivyo. Tulicheka.

Lakini sasa nakuuliza, na unijibu kwa neno moja kwenye ndege ya Machi. Mei, kwenye pombe ya urithi ya Baba, nitakunywa au sitakunywa?

Kama kuna mtu anayesema sistahili, niambie amesema nini na wewe ulimjibu nini. La pili ndilo ninalolitaka zaidi.

Torunn


Hardanger, 15 Machi 1998

Mwanangu Torunn,

Mimi Shangazi yako si mwandishi. Barua yangu ya mwisho kabla ya hii nilimwandikia askofu kulalamika juu ya vitabu vipya vya nyimbo. Lakini najua Sjur hatakuandikia, na ukimya huu sitauweza.

Pombe ya urithi ya kaka yangu Halvard imekwisha kunywewa. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe saba.

Sjur alinialika akasema ni wanafamilia na marafiki wachache, na kwamba wewe umekubali. Nikapika mikate ya viazi. Unajua msimamo wangu kuhusu miungu yenu, lakini Halvard nilimbeba mgongoni nikiwa na miaka minane, singeweza kukaa nyumbani siku ya karamu yake. Nilipofika nilikuta watu thelathini na mmoja, wengi siwajui, na Haldor jirani amesimama kona kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake. Pombe ilikuwa ya mapishi yako. Niliijua kwa harufu kabla sijavua koti.

Walisoma majina. Yule mwizi wa kondoo wamemsoma kama mfugaji.

Kisha Roar Skjelvik akasimama na pembe. Ni mtu wa adabu, ananyoa vizuri, alinipa mkono kama mwanangu. Akauliza lile swali ambalo wewe na Halvard na Sjur mlilitunga pale jikoni kwangu, nikiwa nawamiminia kahawa na kujifanya sisikii. Kabla mrithi hajakaa kwenye kiti, linaulizwa mara tatu: "Yupo mtoto wa Halvard ambaye hajanywa?" Na kama yupo, hata awe nchi gani, watu wote waweke vikombe chini wamngoje. Nilisema siku ile kwamba kwa kitu cha kipagani ni swali zuri.

Aliuliza mara ya kwanza. Kimya. Akauliza mara ya pili. Nilimtazama Sjur, yeye akatazama meza. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama na sahani ya mikate mkononi, nikafungua mdomo. Roar akanigeukia, akatabasamu, akasema, "Mama, mikate tunaiweka hapa." Nikaiweka.

Hilo ndilo nililokuja kukuambia, Torunn. Nikaiweka. Petro alikana kwa kuwaogopa askari. Mimi nilikana kwa kuogopa kuharibu karamu ya watu. Kisha Sjur akanywa, akakaa kwenye kiti, wakapiga makofi.

Nilimkamata jikoni nikamuuliza, dada yako je? Akasema wamekubaliana tambiko la mababu linafuata damu, lakini Torunn hajafukuzwa, atakuwa mgeni wa heshima. Nikamwambia wewe ulikuwa unaugua surua na yeye anakusomea katuni kwa sauti mchana kutwa mpaka naye akaugua, sasa hiyo ni surua ya damu gani? Akaanza kuosha vikombe.

Nakuwekea karatasi waliyowagawia wageni. Ni mti wa ukoo wenu. Mwandiko ni wa Sjur.

Nakuombea. Najua hupendi, lakini nakuombea.

Shangazi Borghild


Jan Mayen, 4 Aprili 1998

Sjur,

Ndege ilileta barua ya Shangazi. Kutoka kwako haikuleta kitu.

Mti nimeuona. Umeuchora vizuri, una mizizi, una majani. Halvard, na chini yake tawi moja. Majina yote juu ya hilo tawi ni mimi niliyekupa. Nilikupa nikiwa nacheka. Nilikupa na Brita na ndoo yake, na Aslak na watoto wake saba, nikakueleza hadi mahali pa kunyamaza, ukavichukua vyote ukatengeneza uzio, ukaniacha nje. Pombe nilikufundisha pia. Mpaka joto la kidole.

Usiniandikie habari za Roar. Roar hanijui. Asiyenijua anaweza kunichukia, kunisaliti hawezi. Sina hasira naye hata ya kujaza kijiko.

Wala usiniambie fahari ya mababu. Mimi ndiye niliyekuwa nayo, ndani ya nyumba ile. Nilipigana shuleni kwa ajili yao, wewe ukiwa golini. Nilidhani mtu akiwapenda wafu wake atawapenda na walio hai waliowekwa mbele ya hao wafu. Sasa naambiwa fahari ile ilikuwa ni ya kupima pua na damu.

Nataka jibu moja tu. Mara ya pili swali lilipoulizwa, uliangalia nini mezani?

Torunn


Haugset, 26 Aprili 1998

Mdogo wangu,

Niliangalia mikono yangu.

Nimechana barua nne. Hii naituma kama ilivyo.

Sikuanza kwa kukukana. Jul waliniuliza ile picha ni ya nani, nikasema ni dada yangu. Hakuna aliyetukana, Torunn, laiti wangetukana ningewafukuza. Walikuwa na upole wote. Roar akasema anakuheshimu, akasema hata wewe una mababu zako kule Korea na ni haki yako kuwatambikia, kwamba sisi ndio tuliokunyang'anya. Nikaona kama ana hoja. Kisha ikaja karatasi ya kusaini kwamba tambiko linafuata damu, kisha mti, na kila hatua ilikuwa ndogo kuliko ile iliyotangulia. Mei waliirudisha nyuma mpaka Machi, nikasema wewe hutakuwepo. Mmoja wao akasema asiyekuwapo na lake halipo, watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Utasema ni woga. Ni woga. Kama ningesema yupo, wangesimama wote wakaondoka, na mimi ningebaki tena na watu watano na mbwa hayupo. Wewe unaweza kwenda kisiwani kwenye baridi ukapata marafiki kwa sahani ya kabichi. Mimi sina kipaji hicho. Ni mara yangu ya kwanza maishani watu kunisubiri nianze kusema.

Lakini moyoni mwangu sijawahi, hata siku moja, kukuona si dada yangu. Hilo nakuapia kwa Baba.

Na kiti hakikaliki. Nakuambia ukweli, nikikaa naona mgongo unanipa baridi. Nalala kwenye kochi.

Nimekufichia chupa mbili za ile pombe chini ya ngazi. Njoo na ndege ya Mei. Tukae jikoni, mimi na wewe tu, milango imefungwa. Tutauliza swali, utajibu, tutakunywa, Baba atapumzika. Hakuna atakayejua. Picha nitairudisha ukutani siku hiyo.

Kaka yako,
Sjur


Jan Mayen, 18 Mei 1998

Sjur,

Ndege iliyoleta barua yako ndiyo iliyokuwa inirudishe nyumbani. Begi nilikuwa nimefunga. Nilisoma barua nimesimama kwenye changarawe, rubani anaangalia saa, nikafika pale unaposema milango imefungwa. Nikamwambia rubani aende. Nimesaini miezi sita mingine.

Miaka ishirini na sita, Sjur, na unachonipa ni chini ya ngazi. Roar anataka niwe mgeni mchana kweupe. Wewe unataka niwe dada gizani. Kama ningelazimishwa kuchagua, ningemchagua yeye, yeye angalau amesema mbele za watu.

Lakini Baba hajapumzika, na hilo si kosa lake. Kwa hiyo nimeipika hapa. Kisiwa hiki hakina mti hata mmoja, kwa hiyo mreteni hakuna. Oddgeir aliotesha shayiri ya supu isiyokobolewa kwenye trei za mikate na kuikausha kwenye oveni, nusu ikaungua. Chachu ilikuwa hamira ya maandazi. Nilipoitia nikapiga ukelele, mpima upepo akaja mbio amebeba mtungi wa kuzimia moto. Imetoka mbaya, Baba angeitema.

Tulikaa Jumamosi baada ya chakula, watu wote kumi na wanane. Mmoja ni mlokole, watatu hawaamini chochote, waliobaki hawajawahi kufikiria. Walivaa mashati safi. Niliwasomea majina, vizazi saba. Anders nilimsoma mwizi, wakampenda kuliko wote. Kwa Aslak niliwaambia tunyamaze, wakanyamaza, na mpishi msaidizi akalia kwa sababu zake mwenyewe.

Swali aliuliza Oddgeir, nilikuwa nimemwandikia kwenye karatasi. "Yupo mtoto wa Halvard ambaye hajanywa?"

Mara ya kwanza sikusema. Mara ya pili sikusema. Nataka ulijue hili, kwa sababu ulinijibu ukweli kuhusu mikono yako. Niliangalia meza, nikaona jinsi ilivyo rahisi. Mtu hafanyi kitu chochote. Anakaa tu, na kaka yake anatoweka. Kikombe kilikuwa mbele yangu na nilikuwa na haki ya kukinywa kuliko mtu yeyote duniani.

Mara ya tatu nikasema, yupo. Anaitwa Sjur, ni mtoto wa kwanza wa Halvard, na hajanywa.

Maana ile ya Machi haihesabiki. Yule mliyemnywea alikuwa na mtoto mmoja. Baba yetu alikuwa na wawili.

Oddgeir aligeuza karatasi akakuta upande wa pili hauna kitu. Akaniuliza, sasa tufanyeje? Nikamwambia sheria ni kuweka vikombe chini na kungoja. Wakaweka, wote, hata mlokole ambaye cha kwake kilikuwa na maji. Tukala keki. Pombe ipo stoo, imefunikwa kwa kitambaa, na itachacha. Ikichacha nitapika nyingine.

Usiniite jikoni. Waite wale thelathini na mmoja, wakae chini ya paa lao, Shangazi awepo na mikono mitupu, na swali liulizwe upya. Ukijibu kwamba yupo, niandikie. Usipojibu, usiniandikie tena, wala kunisalimia.

Sijakusamehe. Nimekutaja tu, kwa sababu ni kweli.

Torunn, mtoto wa Halvard